Nchi kavu au botini? Kutazama wanyama wa pwani msimu wa baridi

Ukibaki nchi kavu, ratiba yako inapangwa na bahari. Maji yakitoka, ndege wa matopeni hutawanyika mbali hata darubini isiwafikie vizuri; yakijaa, husukumwa hadi karibu nawe, hasa wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Basi soma jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe, kisha uhakikishe maji yanajaa mchana, maana katika nchi zilizo mbali na ikweta mchana wa msimu huu ni mfupi. Fika yakiwa bado yanapanda. Sili, wale mamalia wa baharini wanaopumzika ufukweni, wakiwa na watoto uwatazame kwa mbali: mama akishtuliwa anaweza kumtelekeza mwanawe.

Boti hukupeleka kwa nyangumi na ndege wa bahari kuu, ambao ukiwa ufukweni huenda ukawaona kama vitone tu. Lakini upepo wa msimu huu huahirisha safari nyingi, kwa hiyo tenga siku ya akiba. Darubini ya miguu mitatu iache, boti haitulii. (Tumbo nalo halitulii.)

Mimi, nikiwa na siku mbili tu, nachagua nchi kavu. Nikiwa na tano, boti naiweka siku ya kwanza, ili ikiahirishwa nibaki na nafasi.