Cheti rahisi cha uasilia pale Namanga: nakipa nyota nne

Napeleka vitunguu kutoka Mang'ola hadi Kajiado, Kenya, mzigo mdogo mdogo, na karatasi hii ndiyo inayonibeba. Kama bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, imo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, afisa forodha anakugongea muhuri hapo hapo mpakani. Ushuru wa forodha hulipi. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Desemba 2018, anayekwenda Kenya anahudumiwa upande wa Kenya tu, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya vishoka. Kina mama wageni wa njia hii wanatozwa hela na watu wasio na ofisi wala kitambulisho, au wanaambiwa wapite njia za panya, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza haki yao.

Na hapo ndipo siasa inaponiuma. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samuel Wangwe ilipokusanya maoni ya Watanzania, 2006 hadi 2007, wengi walikataa kuharakisha shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, na hofu ya kupoteza ardhi ilikuwa mbele. Siibezi. Wazee wetu waliona Jumuiya ya kwanza ikivunjika 1977 na mpaka na Kenya ukifungwa hadi 1983. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, ibara ya 15, imeacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Jukwaani sijamsikia mtu akilisema hilo. Anayepinga anataja shamba, kitu ambacho kila mtu anakiona. Anayeunga mkono anataja soko la mamilioni ya watu, na mama anayepanga nyanya pale soko la Kilombero, Arusha, hana pa kulishika. Mwonyesheni cheti hiki! Mwambieni gunia lake linavuka bila ushuru, muone kama hataitetea Jumuiya.

Wakubwa wakizozana, sisi ndio tunaoulizwa. Tanzania ilipochoma moto vifaranga kutoka Kenya pale Namanga 2017, Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021, Tanzania ilipowafungia wageni aina 15 za biashara Julai 2025, kila mara wateja wangu wa Kajiado walipiga simu: "Dada, mzigo bado utafika?" Ulifika.

Ukienda, beba kitambulisho, risiti ya mzigo, na cheti cha afya ya mimea kama unapeleka mazao, maana hicho kinatafutwa kwingine na cheti cha uasilia hakikifuti. Nenda asubuhi. Taja jina la cheti wewe mwenyewe dirishani, kabla mtu yeyote hajajitolea kukusaidia.