restic kwa bakapu za Moodle shuleni: inafaa, ila "no errors were found" haitoshi

Kwa shule yenye seva moja ya Linux, Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni) na mtu mmoja wa TEHAMA asiyeogopa terminali, restic ndiyo programu ya bakapu tunayoipendekeza kwanza. Ni bure, ni faili moja tu la kusakinisha, hufunga data kwa usimbaji wa AES-256, na kisichobadilika haikihifadhi mara mbili, kwa hiyo diski ya nje ya TB 1 hudumu muda mrefu. Haina dirisha la kubofya. Shule isiyo na mtu wa kuandika amri itafute nyingine.

Tumeipima kwa swali moja: seva ikiungua leo, matokeo ya wanafunzi yanarudi?

Amri ya `restic check` pekee, hata ikijibu "no errors were found", hukagua mpangilio wa ghala (mahali restic inapoweka bakapu), haisomi data yote iliyomo. Diski yenye sehemu mbovu inaweza kupita ukaguzi huo bila tatizo. Tumia `restic check --read-data-subset=1/4` wiki ya kwanza, `2/4` wiki ya pili, na kuendelea; baada ya wiki nne ghala lote limesomwa. Lakini hata hapo umethibitisha tu kwamba kilichoingia hakijaharibika. Kama kilichoingia kilikuwa nusu, utarudishiwa nusu safi kabisa.

Na nusu huingia kirahisi. Wengi huandika `mysqldump moodle | restic backup --stdin`. Mysqldump, amri inayonakili kanzidata, ikikatika katikati, restic huona mkondo umeisha, huhifadhi ilichopokea na kutangaza mafanikio. Toleo la 0.17 lilileta dawa:

`restic backup --stdin-filename moodle.sql --stdin-from-command -- mysqldump --single-transaction moodle`

Hapa amri ya ndani ikishindwa, hakuna kinachohifadhiwa, na unajua. Kwa kipengele hiki peke yake, usibaki na toleo la zamani. Chukua kanzidata kwanza, moodledata (folda ya faili za Moodle) baadaye; ukigeuza, kanzidata itataja kazi za wanafunzi ambazo faili zake hazimo kwenye bakapu. Folda za `cache`, `localcache`, `temp` na `sessions` ziache.

Jaribio la kurejesha lifanyike kwenye kompyuta nyingine, si kwenye seva yenyewe. Sababu kubwa ni nenosiri. Mara nyingi limo kwenye faili ndani ya seva hiyohiyo, na bila nenosiri ghala la restic halifunguki kwa njia yoyote. Ongeza la pili kwa `restic key add`, liandikwe kwenye karatasi, likae kwenye bahasha ndani ya sefu ya mkuu wa shule. Siku ya jaribio tumia lile la kwenye bahasha.

Kisha `sudo restic restore latest --host seva-ya-shule --path /moodle.sql --target /mnt/jaribio --verify`, halafu rudia ukiweka njia ya moodledata kwenye `--path`, maana ni bakapu mbili tofauti na "latest" huleta moja tu. Usiache `--host` kama kompyuta kadhaa zinatumia ghala moja, maana "latest" inaweza kuwa ya mhasibu. Usirejeshe kwenye diski ya exFAT. Haihifadhi umiliki wa faili, na Moodle itakataa kuandika. Kompyuta ya jaribio ikiwa ya Debian au Ubuntu, malizia kwa `chown -R www-data` kwenye folda ya moodledata.

Mstari wa mwisho wa moodle.sql uanze na `-- Dump completed`. Usipouona, simama hapo. Ukiwepo, ingiza kanzidata, badilisha `config.php`, na kabla ya kuwasha chochote weka `$CFG->noemailever = true;` na uzime cron (kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba), la sivyo wazazi watapokea barua pepe kutoka kwenye mfumo wa majaribio.

Sasa uliza kanzidata inaishia lini:

`SELECT FROM_UNIXTIME(MAX(timecreated)) FROM mdl_logstore_standard_log;`

Jibu likiwa la wiki tatu zilizopita, bakapu za kila usiku zimekuwa jina tu. Kwa faili, Moodle imeturahisishia: jina la kila faili ndani ya `filedir` ni SHA1 ya kilichomo, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake. Chagua mia moja kwa `find filedir -type f | shuf -n 100 | xargs sha1sum`. Namba na jina vifanane. Mwisho mwite mwalimu wa taaluma afungue alama za darasa moja na azilinganishe na karatasi zilizochapishwa.

Pima na muda. GB 60 kutoka mtandaoni kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 13, bando likiruhusu. Kwa hiyo ghala la mtandaoni liwe la pili. La kwanza liwe diski iliyofungiwa jengo jingine.

Kwenye Windows za ofisini restic inafanya kazi, ila faili la Excel lililo wazi linaweza kurukwa bila `--use-fs-snapshot`, inayohitaji haki za msimamizi. Msimbo wa kutoka 3 maana yake kuna faili hazikusomeka. Hati yako ya amri za kila usiku ichukulie 3 kama kosa na itume ujumbe.