Tanuri la mtumba kwa fundi wa visu: lipi litangulie, lipi liachwe

Fundi anayetengeneza visu, patasi au tindo kutokana na springi za magari hufika mahali ambapo jiko la mkaa halimtoshi tena. Mkaa hukifikisha chuma kwenye joto linalotakiwa kukigumisha bila shida, lakini haukishikilii hapo kwa dakika kumi. Ncha huungua huku shina likiwa bado jeusi. Tanuri la umeme lililokwisha kutumika kwa ufinyanzi, usonara au kazi ya meno huliondoa tatizo hilo, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko tanuri jipya lililoundwa kwa ajili ya vyuma. Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama kidhibiti joto, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kidhibiti kilichokufa hubadilishwa kwa siku moja. Visivyobadilika ni urefu wa chumba, upande unakofungukia mlango na kiasi cha umeme kinachohitajika, na ni kwa vigezo hivyo vitatu nimeyapanga matanuri yafuatayo.

Namba moja, bila ushindani, ni tanuri dogo la mlango wa mbele, lile ambalo masonara hulitumia kuchomea rangi za kioo juu ya madini na wafinyanzi hulitumia kwa majaribio ya rangi. Mengi ya aina hii hayazidi kilowati 3, na kwa kuwa soketi ya ampia 13 kwenye volti 230 hutoa wati 2,990, linaweza kuwekwa nyumbani bila kubadili mita wala kuomba umeme wa fezi tatu, ingawa ni busara kumwita fundi umeme alivutie waya wake peke yake. Mlango wa mbele unakuruhusu kukitoa kisu kwa koleo na kukitumbukiza katika mafuta kabla hakijapoteza joto. Tanuri la wati 2,500 likiwaka mfululizo kwa saa mbili halili zaidi ya uniti 5 za LUKU. Chagua lenye chumba kinachozidi kisu chako kirefu kwa sentimita tano hivi, kwani eneo lililo karibu na mlango daima huwa na ubaridi kidogo.

Namba mbili ni tanuri la maabara. Kuta zake ni nene, joto lake limetulia, na mara nyingi hufika 1,100°C, kiwango kinachotosha hata vyuma visivyoshika kutu vya visu, ambavyo vingi hugumishwa kati ya 1,040 na 1,070°C. Nimelishusha nafasi moja kwa sababu katika baadhi yake koili, yaani nyaya zinazotoa joto, zimefukiwa ndani ya ukuta wa kauri, hivyo koili moja ikikatika unabadilisha ukuta mzima.

La tatu ni lile la mafundi meno la kuunguzia nta. Ni imara, lakini chumba chake ni kifupi. Linamfaa mtu wa patasi na visu vidogo, basi.

La nne, tanuri la kuyeyushia kioo, lina koili kwenye kifuniko na chumba kipana kisicho na kina. Mengi yameundwa kwa joto la 900°C hivi. Chuma cha springi hugumishwa karibu na 830°C, kwa hiyo linakifaa. Chuma kisichoshika kutu kisahau.

Kabla sijafika la mwisho, niseme namna ya kulikagua lolote kati ya hayo, kwani fedha nyingi hupotea hapa. Nenda kwa muuzaji ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Tanuri la wati 2,500 kwa volti 230 linapaswa kuonyesha ukinzani wa omu 21 hivi kwenye koili zake; likionyesha 25, koili zimechakaa na nguvu imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Kati ya koili na bodi ya chuma ya tanuri kusiwe na mawasiliano yoyote ya umeme. Soma kibao cha volti: tanuri la Marekani la volti 120 likichomekwa kwenye 240 huvuta nguvu mara nne, na halitadumu. Tanuri kuukuu sana huenda likawa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu; usilibomoe wala kulifagia. Ukishalifikisha nyumbani, pima ukweli wa kipima joto kwa punje chache za chumvi ya mezani juu ya kigae, kwa kuwa chumvi huyeyuka kwenye 801°C.

Tofauti kubwa kati ya mfinyanzi na wewe ni kwamba yeye hufungua tanuri likiwa limepoa, nawe utalifungua likiwaka, ukiwa na koleo la chuma mkononi na koili zenye umeme sentimita chache kando. Kwa hiyo swichi ya mlango inayokata umeme papo hapo kupitia kontakta (swichi ya mkondo mkubwa inayoendeshwa kwa umeme) ni ya lazima, pamoja na waya wa ardhi uliopimwa. Tanuri lisilo na swichi hiyo lihesabie gharama yake kabla hujataja bei. Hesabu pia kwamba hewa ya tanuri huunguza kaboni ya juu ya chuma, hivyo acha unene wa kunoa baadaye, na usiingize chuma chenye mafuta, maana moshi wake huzila koili.

La mwisho ni tanuri kubwa la vyungu linalofungukia juu, ambalo ndilo unaloonyeshwa mara nyingi zaidi shule au karakana inapofungwa. La kilowati 6 huvuta ampia 26, linapasha joto nafasi kubwa kwa ajili ya kisu kimoja, na ukifunua kifuniko joto lote hukupanda usoni. Wapo wanaolilaza ubavu ili kifuniko kiwe mlango, lakini koili hutoka katika mifereji yake zisipofungwa kwa pini. Mimi ningelichukua tu kama linauzwa kwa bei ya matofali yake, nikayatumia kujengea tanuri dogo la mlango wa mbele.