Uzoefu wangu na boksi la maua ya karatasi: krepu safi, mengine jinunulie mwenyewe

Kuna watu kama watatu niliwaahidi nitaandika kuhusu hili boksi, ngoja niandike leo maana kesho nitasahau. Mwezi wa nne niliagiza boksi la kutengenezea maua ya karatasi, yale yanayosimama kama maua kweli siyo ya kubandika kwenye kadi, nikalipa 65,000 pamoja na usafiri mpaka nyumbani Dar. Muuzaji simtaji, siyo mtu mbaya na sitaki ugomvi. Mdogo wangu alikuwa na kichen pati, nikasema mimi sipeleki vyombo, vyombo kila mtu analeta mpaka bi harusi anajikuta na hotipoti saba na sahani za kufungulia mgahawa, mimi nitampelekea mawaridi niliyotengeneza kwa mkono wangu ndani ya kiboksi cha manila.

Boksi likafika, nalifungua, kuna bastola ndogo ya gundi ya wati 20, vijiti 10 vya gundi, waya, utepe wa kijani wa kuzungushia shina, krepu, yaani karatasi yenye vimikunjo inayovutika, rangi tano, na pateni zenyewe, yaani michoro ya kukatia, unatumiwa WhatsApp. Furaha yangu ilidumu kama dakika 10 hivi. Vijiti haviingii! Hizi bastola ndogo zinakula vijiti vyembamba vya milimita 7, wao wameniwekea vya milimita 11, vile vinene vya mafundi. Nikajaribu kuchonga kimoja kwa kisu kama unavyochonga penseli, msinicheke, kikaingia nusu kikakwama hapo hapo, ikabidi niwashe bastola iyeyushe ndiyo nikivute kwa koleo, na kidole kikaungua. Nikamtumia picha muuzaji, akajibu "pole sana dada angu, nakuletea vingine leo leo". Hiyo leo haijafika mpaka sasa. Nikapanda zangu daladala mpaka Kariakoo nikanunua vyembamba, bei yake hata haifikii nauli na soda niliyokunywa njiani.

Kwenye pateni sasa. Faili lao limepangwa kwa karatasi za Marekani ambazo ni pana kidogo na fupi kuliko A4 yetu, kwahiyo ukimpa kijana wa steshenari aprinti bila maelekezo, mashine inapunguza mchoro ili uenee. Kwa petali haina shida, ua likiwa dogo kidogo nani atajua. Shida ni kile kiboksi. Kitako niliprinti steshenari ya jirani ikapunguza, kifuniko nikaprinti siku nyingine sehemu nyingine, yule akaweka asilimia 100, matokeo yake kifuniko kinacheza juu ya boksi kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Printi zote siku moja sehemu moja na umwambie kabisa asilimia 100, halafu kabla hujakata manila pima kwa rula.

Haya, krepu, ambayo ndiyo sababu nimewapa nyota hata hizo nilizowapa. Hii siyo ile krepu laini ya kuning'iniza kwenye bethidei inayochanika ukiitazama vibaya. Hii imeandikwa gramu 180, nzito, ina vimikunjo vidogo vidogo vinavyoonekana wazi, ukiivuta inatanuka na inabaki vile ulivyoivuta. Mimi nimezoea kutengeneza maua kwa karatasi za A4 za kawaida na manila, na kwa hali ya hewa ya Dar masika ile, ua la A4 unaliacha mezani jioni likiwa limechanua asubuhi unalikuta limelegea. Hii ilisimama.

Ila hakuna mtu aliyeniambia kuhusu mwelekeo wa vimikunjo. Waridi la kwanza nilikata petali kwa kulaza, vimikunjo vikaenda kushoto kulia, navuta katikati petali haitaki kuingia ndani, navuta tena inachanika, mwisho nimepata kitu kama kabichi, mwanangu akaniuliza "mama hiyo ni mboga gani". La pili nikageuza karatasi, vimikunjo vikasimama kutoka chini kwenda juu, jamani, ni kitu kingine kabisa. Unashika petali kwa vidole gumba viwili katikati, unasukuma na kutanua pole pole, inajibonyeza yenyewe kama kijiko. Halafu ukingo wa juu unauzungusha kwenye penseli, upande mmoja unaukunja zaidi ya mwingine, usisawazishe, maana waridi la kweli halina petali mbili zinazofanana. Za ndani nilikuwa naweka 5 ndogo nimezibana kabisa kwenye waya, kisha naongeza kubwa kubwa, kila moja inapanda kidogo juu ya mwenzake, mpaka zinafika kama 15. Gundi weka tone kwenye kitako cha petali tu, ukijaza inatoa zile nyuzi kama utando wa buibui na ua lote linaonekana chafu.

Boksi limeandikwa maua 20. Mimi nimetoa 11, tena hapo lile kabichi silihesabu.

Kichen pati ikapita vizuri, watu wakashangaa, wawili hawakuamini ni karatasi. Mmoja wa wasioamini alikuwa shangazi yangu. Usiku tumechoka, shangazi kwa huruma yake akaona maua yatanyauka, akayatoa kwenye kiboksi akayatia kwenye jagi la maji. Asubuhi namkuta mdogo wangu amesimama jikoni anaangalia jagi, maji mekundu kama juisi ya rozela, mashina yamelowa, petali za chini zimekuwa pinki. "Dada, shangazi ameyanywesha." Hatukumwambia kitu shangazi. Yaliyopona ni 4, na hapo ndipo nilipojua rangi nyekundu ya hii krepu inatoka ikigusa maji, hata mkono wenye jasho unabaki na wekundu, kwahiyo usiiweke karibu na kitu cheupe na zawadi yako iandikie kabisa USIMWAGILIE. Ya krimu na ya kijani haikutoa rangi.

Nitanunua tena? Boksi zima hapana. Nilivyorudi Kariakoo nilikuta rolo la krepu nzito kama hiyo, nusu mita kwa mita mbili na nusu, na kwa mahesabu yangu rolo moja linatoa mawaridi 15 mpaka 18 ukikata kwa akili, ukiongeza waya na utepe bado hujafika hata nusu ya 65,000. Bastola yao nimeibakiza, ni nzuri, inapata moto haraka. Nyota 3 kati ya 5, na zote ni za krepu na bastola.

Vile vijiti vinene bado ninavyo, vimebaki 9 na kimoja kilichochongwa. Mwenye bastola kubwa aseme, nampa bure.