Majarida ya zamani ya Marekani: anza kununua lipi?

Mnaotafuta zawadi ya mzee aliyezaliwa miaka ya 50, au picha za historia za kutundika sebuleni, msidanganywe na umri wa jarida. Mtu akiona 1948 kwenye jalada hudhani ameokota almasi. Majarida yaliyopendwa sana enzi zake yalichapwa kwa mamilioni, na nakala nyingi bado zimejaa darini na kwenye gereji za Wamarekani, ndiyo maana leo ni bei poa. Kinachopandisha bei ni tukio lililomo ndani na hali ya nakala yenyewe.

1. Life (1936–1972). Hili nalipa nafasi ya kwanza bila kusita. Toleo la Novemba 23, 1936, ambalo mchapishaji Henry Luce alianza nalo, lilikuwa na bwawa la Fort Peck, Montana, kwenye jalada, picha ya mpiga picha Margaret Bourke-White, na liliuzwa senti 10. Kabla televisheni haijaingia majumbani, Wamarekani waliiona dunia humu. Kurasa zake ni pana mno. Ukikutana na picha moja iliyotandazwa kurasa mbili, huwezi kuifunua haraka. Baadaye watangazaji wakahamia kwenye televisheni, gharama za posta zikapanda, na Desemba 1972 jarida la kila wiki likafungwa, ingawa lilikuwa bado na wanunuzi zaidi ya milioni 5. Mshindani wake, Look, lilikuwa limeshakufa mwaka uliotangulia. Nakala nyingi za miaka ya 50 na 60 hupatikana kwa dola chache. Muuzaji akikutajia bei ya kutisha kwa toleo la kifo cha Rais Kennedy, mwache: familia nyingi zililiweka kama kumbukumbu, kwa hiyo lipo tele.

2. National Geographic. Lile la mpaka wa njano. Kwa miaka mingi watu waliona dhambi kulitupa, na sasa linauzwa kwa rundo, dola moja moja au chini ya hapo. Usichukue rundo. Tafuta matoleo mawili: Septemba 1960, mtafiti wa binadamu wa kale Louis Leakey anapoeleza fuvu la kale ambalo mkewe Mary alilipata Olduvai mwaka 1959, na Agosti 1963, Jane Goodall anaposimulia maisha yake na sokwe wa Gombe. Kwa Mtanzania hakuna zawadi ya bei hii inayolingana na hizo. Uliza pia kama ramani ipo, maana matoleo mengi yalikuja na ramani ya kukunja na mara nyingi imeshachomolewa.

3. Ebony na Jet. John H. Johnson aliyaanzisha Chicago, la kwanza 1945, la pili 1951, Wamarekani weusi wakapata kujiona wakiwa madaktari, wanamuziki, maharusi. Jet ni dogo, la kutia mfukoni. Toleo la Septemba 15, 1955 lilichapa picha za mwili wa Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, kwa sababu mama yake alitaka watu waone alichofanyiwa mwanawe. Hilo ni ghali, na linastahili. Lakini kabla ya kulipa, Google Books ina matoleo mengi ya zamani ya Ebony, Jet na Life, yanasomwa bure.

4. Time. Nunua moja moja kwa ajili ya sura ya jaladani. Machi 7, 1960 ni Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. Mkenya yeyote atalitia kwenye fremu.

5. Saturday Evening Post. Norman Rockwell alilichorea majalada zaidi ya 300 kati ya 1916 na 1963. Hakikisha hununui jalada tupu.

TV Guide liliwahi kuuza karibu nakala milioni 20 kwa wiki miaka ya 70, lakini wiki ikiisha ratiba yake ya vipindi vya televisheni ilitupwa, hivyo yale ya mwanzo, ya 1953, ni ya wakusanyaji wenye pesa. Reader's Digest soma, usiweke akiba.

Kabla ya kutuma pesa, omba picha ya pini za katikati (kutu hula karatasi), picha ya kibandiko cha anwani ya mteja wa zamani jaladani, na uhakika kwamba hakuna ukurasa uliokatwa. Wapo wanaokata matangazo ya Coca-Cola na ya magari wakayauza peke yake, halafu wakakuuzia mabaki. Harufu ya ukungu haitoki, hivyo iulizie waziwazi. Na pigia hesabu usafirishaji: posta ya Marekani ina nauli nafuu ya vitabu, ila majarida yenye matangazo hayaruhusiwi humo, na Life moja tu ni zito. Nunua kadhaa kwa muuzaji mmoja, yafungwe pamoja na kadibodi ngumu pande zote mbili.