Oili ya boti au 2T ya kawaida?
Pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, mvuvi akikosa oili ya boti hushawishika kuchukua 2T (oili ya injini ya mipigo miwili) ya msumeno au pikipiki. Zote huchanganywa na petroli, lakini kazi zao ni mbalimbali.

Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari, hivyo inataka oili yenye alama TC-W3, isiyoacha majivu. 2T ya kawaida huwa na viungo vya madini vya kusafishia, na vikiungua hubaki majivu. Fungua plagi: ukiona ukoko wa kijivu umeziba ule mwanya mdogo wa kurushia cheche, jua mashine itazima, pengine mkiwa nje ya mwamba. Ukoko juu ya pistoni ni hatari zaidi, maana huwa kama kaa la moto: unawasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inatoboka.

TC-W3 nayo kwenye msumeno unaopozwa na upepo haihimili joto, ringi zinanata. Huko tia oili yenye alama JASO FC au FD.

Kipimo cha 50:1 (petroli 50 kwa oili 1) ni oili mililita 400 kwa petroli lita 20, ila kitabu cha mashine kikisema vingine, kifuate. Tangulizeni petroli kidogo na oili, mtikise dumu, ndipo mjaze. Kukisia kwa kifuniko cha chupa, hapana kabisa.