Ramani ilisema silanga yetu imekauka, nami nimesimama majini

Nilikuwa ndani ya silanga yetu, yaani bwawa letu dogo la kumwagilia, maji yamenifika magotini, nilipompigia simu kijana wa huduma ya ramani za setilaiti ambayo kikundi chetu cha wakulima, huku bara ya Malindi karibu na Mto Sabaki, kimekuwa kikiilipia tangu mwaka jana. Nilimsalimu, hakuitikia. Nilimweleza kwamba programu yao imeipaka silanga yetu rangi ya kijani na kutuandikia kuwa maji yamekwisha, ilhali mimi nimo ndani yake na leso imelowa. Akanijibu, "Mama, setilaiti haikosei. Labda hujui silanga yenu iko wapi." Kisha akakata simu.

Silanga ile tuliichimba wenyewe, na udongo wake niliubeba kwa karai kichwani. Kuambiwa sijui ilipo ni tusi ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Hayo yalitokea mwishoni mwa kaskazi, siku za jua kali kabla ya masika, anga jeupe bila wingu lolote ambalo mtu angeweza kulisingizia. Mwenyekiti wetu, ambaye huamini ujumbe wa simu kuliko macho yake, alisimamisha zamu za pampu ili tope lisiharibu mashine. Nyanya zangu zilikuwa zimetoa maua. Kwa siku tatu au nne hazikupata tone, na maua yakapukutika yote. Jirani zangu wawili walinunua dizeli wakavuta maji kutoka mtoni, mbali, mahali penye mamba, wakati silanga imejaa maji hatua chache kutoka kwenye migomba yao.

Mpwa wangu anayesomea upimaji wa ardhi ndiye aliyenifafanulia kilichotokea. Maji humeza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, na majani mabichi huurudisha kwa wingi. Programu hulinganisha mwanga huo na ule wa kijani, na penye infraredi kidogo hutangaza kwamba pana maji. Silanga yetu majira yale ilikuwa imefunikwa na mayungiyungi, na jani la yungiyungi lililolala juu ya maji huonekana kutoka angani kama jani la kunde shambani. Tena picha za Sentinel-2, setilaiti ambazo programu hiyo huzitegemea, zimegawanyika katika vipande vya mita 10 kwa 10. Silanga yetu haifiki nusu hekta, yaani ni vipande visivyozidi 50, na vile vya ukingoni huchanganya maji, tope na nyasi kwa pamoja. Kwa hiyo ni kweli, setilaiti haikukosea: ilipiga picha ya majani, na majani yalikuwepo. Aliyekosea ni yule aliyeyasoma majani akaandika ukame, kisha akakataa kumsikiliza mtu aliyesimama pale pale.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwaambia wenzangu wasilipe hata senti moja, lakini haki lazima niitaje. Mwaka jana ramani hiyo hiyo ilituonyesha ukanda wa kijani chini ya tuta wakati nyasi zote za pembeni zimekauka, tukachimba, tukakuta maji yanavuja chini kwa chini, tukaziba. Bila picha ile tungeendelea kushukiana kwamba kuna anayevuta maji usiku, na maneno yalikwisha kuwa makali kati ya ndugu. Mwenye bwawa kubwa, lenye uso ulio wazi, nadhani atafaidika nayo.

Nadhani, nasema, kwa maana hata hilo nalitilia shaka nikikumbuka yaliyofuata. Setilaiti zile hupita kila baada ya siku 5. Zilipopita tena tukaletewa ujumbe ule ule, maji yamekwisha, ingawa nilikuwa nimewatumia picha ya simu inayoonyesha mtoto akichota maji kwa ndoo. Picha yangu haikujibiwa. Kilichojibiwa ni kalenda yao: jioni hiyo nilikumbushwa ada ya msimu. Na ramani, hata ikisoma sawasawa, huona uso wa maji tu; kina haikioni, wala haioni mchanga unaoteremshwa na mvua na kuijaza silanga kutoka chini mwaka hadi mwaka.

Sasa tumesimika mti wenye alama katikati ya silanga, na zamu za pampu hupangwa kwa kuutazama. Ada sijatoa. Nitaitoa siku ambayo kijana yule atakuja huku, atanisalimu, avue viatu na kuingia majini nilipokuwa nimesimama.